Nyuzi Nyeusi Katika Jicho la Mama Hawa

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya macho pale Arua sikumshika mgonjwa hata mmoja. Metroni alinikalisha kwenye benchi, akanifunga macho yote mawili kwa bendeji, akanipa kikombe cha chai mkononi. "Kunywa," akasema. "Ukimaliza nenda chooni, halafu urudi hapa." Nikamwuliza choo kiko upande gani. "Wagonjwa wako watakuuliza hivyo hivyo," akajibu, kisha nikasikia viatu vyake vikienda zake. Chai nilijimwagia mapajani. Chooni nilifika kwa kupapasa ukuta na kukanyaga miguu ya watu, na wale wagonjwa waliobakiwa na jicho moja lisilofungwa walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwa na hasira ya kumng'ata mtu. Aliponifungua adhuhuri, Metroni hakusema pole wala hongera. Alinipa trei ya dawa, nikaanza kazi.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa 1979, nikiwa binti wa mtaa wa Awindiri aliyetoka shule ya uuguzi juzi tu. Hata sare sikuwa nimeizoea, vita vya kuiangusha serikali ya wanajeshi vikafika kwetu. Tulivuka mpaka tukaingia Zaire kama wenzetu wengine, na huko niliosha macho ya watoto kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kwa kuwa tetrasaikilini, yaani ile dawa ya kupaka jichoni, ilikuwa kitu cha kuota usingizini. Mambo yalipotulia nikarudi, nikapelekwa kozi ya macho, na nilipohitimu nikaitwa na Mganga Mkuu wa Wilaya.

"Sista Letasi, unakwenda Koboko kuanzisha kliniki ya macho," akaniambia. "Watu wa kule wamechoka kuahidiwa. Usiwaahidi kitu. Fungua mlango asubuhi, ufunge jioni, watakuja wenyewe."

Nilifungua mlango. Kliniki yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, meza, na ubao wa E. Huo ubao, kwa nyinyi mnaopima macho kwa mashine, ulikuwa na herufi moja tu iliyochorwa ikitazama juu, chini, kushoto na kulia, ikizidi kuwa ndogo kadiri unavyoshuka. Mgonjwa hahitaji kujua kusoma. Anaonyesha kwa vidole tu mahali miguu ya herufi inapoelekea. Wazee waliokuwa jeshini walinisumbua sana na ubao huo. Wakiwa kwenye foleni walikuwa wakiwachungulia wenzao, wanakariri mstari wote, na ikifika zamu yao wananionyesha juu, chini, kulia, kushoto kwa ukakamavu wa gwaride, ilhali mtu haoni hata mlango. Nikaanza kuugeuza ubao juu chini. Basi wakaniita mchawi, lakini walizidi kuja.

Ugonjwa uliotupa kazi nyingi zaidi ulikuwa upofu wa mtoni. Unaletwa na nzi mdogo mweusi anayezaliana kwenye mito ya maji ya kasi. Akikuuma anakuachia minyoo midogo mno, ambayo inatembea chini ya ngozi kwa miaka, na ikifika jichoni inaliharibu polepole. Kila ukoo wa kule ulikuwa na mtu wake aliyeongozwa kwa fimbo. Ndipo miaka ya tisini ilipoanza zikaja tembe za kuua vijinyoo hivyo. Hatukuwa na mizani ya kupima watu vijijini, kwa hiyo tulitumia mti mrefu uliopakwa rangi: unasimama kando yake, na rangi inayofikia utosi wako ndiyo inayosema umeze tembe ngapi. Siku tulipopeleka mti huo kijiji cha Midia watu walivaa nguo za Idi na za Krismasi. Nilifurahi mno. Baada ya miaka ya kuwaambia watu "pole", hatimaye nilikuwa na kitu cha kuwapa.

Sasa nifike kwa Mama Hawa. Alikuwa mjane wa sajini, mama wa Midia aliyepita miaka sitini, mrefu, mkali, mwenye kicheko kikubwa. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani uhamishoni, lilipochomwa na bua la mtama likaingia usaha. Alibaki na la kulia, na hilo moja lilimtosha kuwa mpangaji bora wa tumbaku katika eneo lote. Tumbaku ikishakauka bandani haiuzwi hovyo. Kila jani linatazamwa na kuwekwa kwenye fungu lake: la manjano ya limau, la rangi ya chungwa, la kahawia, lenye madoa. Ukichanganya, mnunuzi anashusha daraja la mzigo wote. Watu walimletea Mama Hawa majani waliyobishania, naye akilishika jani akalielekeza mlangoni kwenye mwanga, ubishi ulikwisha.

Wiki moja hivi baada ya tembe, siku ya soko, alikuja kliniki na binti yake Zaitun, amebeba kuku jike kwapani. Alipita foleni yote bila kumwuliza mtu.

"Sista Letasi, mimi naleta hii kuku kwa nyinyi," akasema kwa Kiswahili chetu cha sokoni. "Dawa yenu iko kali. Dudu nakufa!"

"Dudu gani, mama?"

"Ya ndani ya macho. Jana asubuhi natoka mara moja, mingi, nyeusi, kama nyuzi. Mimi naangalia huku, yote nakimbia huku. Kijiji yote nafurahi. Hata jirani nasema, tazama, dawa iko nafanya kazi."

Watu kwenye foleni walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka nao, kicheko kikanikauka. Vijinyoo vya ugonjwa ule ni vidogo hata mgonjwa mwenyewe havioni, viwe hai au vimekufa. Na nyuzi nyeusi zinazoelea, zinazokuja zote kwa mara moja katika jicho la mtu mzima, zina habari nyingine kabisa.

"Mama, iko umeme?" nikamwuliza. "Kitu nawaka pembeni ya jicho?"

"Ee, umeme iko! Hata mvua hapana, yeye nawaka tu. Watu nasema ni dudu napigana mbele ya kufa."

"Pazia iko? Kivuli nafunika upande moja?"

"Pazia hapana."

Nilimshukuru Mungu kwa neno hilo. Nikamtia matone ya kupanua mboni, nikangoja, nikamwangalia kwa ofthalmoskopu, kile chombo chenye taa kinachoshikwa mkononi. Katika ule mng'ao mwekundu wa nyuma ya jicho niliona vumbi jeusi likipeperuka. Chombo changu kilinionyesha katikati tu. Pembezoni, mahali jicho linapochanika, hakifiki.

Niwaeleze, maana kila mwenye jicho anapaswa kulijua hili. Ndani ya jicho kuna ute mzito kama ute wa yai. Tukizeeka ute huo unasinyaa na kujivuta kutoka ukuta wa nyuma, na vivuli vyake ndivyo tunavyoviona kama nyuzi na vidoa. Kwa wengi hayo huishia hapo. Vidoa viwili vitatu ambavyo mtu anavyo kwa miaka, visivyobadilika, ni mvi za jicho tu. Lakini pengine ute ukijivuta unachana retina, ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea picha. Ukishachanika, majimaji hupenya nyuma yake na kuubandua: umeme ni utando ukivutwa, pazia ni utando ukibanduka. Mwanzoni huoni tofauti kubwa, tena huumwi hata kidogo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kwetu maradhi yasiyouma hayaheshimiwi.

"Tunakwenda Arua leo," nikasema. "Gari la tembe linarudi mchana huu."

Zaitun akashika kiuno. "Leo hapana wezekana, Sista. Wanunuzi nakuja wiki ijayo. Tumbaku yote iko ndani ya nyumba, na hapana mutu najua kupanga kama mama. Yeye namaliza, halafu sisi nakwenda."

"Zaitun, mama yako iko na macho ngapi?"

Mikono ilimshuka kutoka kiunoni. Alimtazama mama yake, akamtazama kuku, akaanza kulia. Mama Hawa ndiye aliyeamua. "Wanawake ya Midia tapanga," akasema. "Mimi nakwenda Arua. Lakini Arua tu." Kuku alibaki kliniki, na sitawaficha, alitaga vizuri sana.

Daktari wa Macho aliyekuwa Arua wakati huo alitoka Buganda. Alikuwa mpole, msafi wa kazi, na tangu afike hakuna aliyemsikia akisema neno la Kiswahili. Aliongea Kiingereza, nasi tukatafsiri. Hatukumlaumu. Kwao, miaka ile mibaya, Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki anayegonga mlango, na wengi wa wenye bunduki walitoka kwetu; masikio hayasahau upesi. Alimlaza Mama Hawa, akavaa taa ya kichwani, akashika lenzi juu ya jicho na kulibonyeza taratibu kutoka nje ili aone pembezoni kabisa. Alikawia sana upande wa juu. Kisha akaniita nami nichungulie: mpasuko mdogo, umekunjika kama hilali.

"Lipu ya ukuta imepata ufa," akaniambia. "Mvua imeanza kuingia, lakini lipu haijaanguka. Kampala kuna mashine ya kugandisha. Wanaweza kuubana ufa huo mpaka ushike. Hapa hatuna. Ikianguka yote, sijui nani ataweza kuirudisha. Mwambie anaondoka na basi la kesho."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo kila mtoto anaikariri. Nilimtafsiria Mama Hawa, naye akaketi wima na kufunga kanga yake.

"Mimi nasema Arua tu. Mimi hapana vuka mto."

"Mama, jicho hii nakufa."

"Mimi navuka mto ile ya Pakwach mara ya mwisho sabini na tisa, nakimbia vita juu ya lori, na watoto. Bwana yangu nabaki ng'ambo. Yeye nasema, 'Tangulia, mimi nakuja.' Mimi natangulia. Mpaka leo yeye hapana kuja." Alisema hivyo bila kulia, kama mtu anayetaja jina la kijiji chake. "Watu ya kule, kama nasikia mimi ni mutu ya Koboko, bibi ya askari, tanifanya nini? Acha mimi kuwa kipofu nyumbani kwangu."

Daktari akaniuliza amesema nini. Nikamweleza yote kwa Kiingereza, sikupunguza. Nilikuwa na hofu ile ile mwenyewe. Tangu vita mimi pia sikuwa nimevuka daraja lile la Pakwach, njia ya kwenda Kampala, ila kwa lazima.

Daktari alivua taa ya kichwani, akanawa mikono, akavuta kigoda akakaa chini kuliko mgonjwa. Halafu akafungua mdomo, nasi sote mle chumbani tukaganda.

"Mama," akasema, "Kiswahili yangu mubaya sana. Sikiliza tu. Mimi iko mutoto ya kule. Mama yangu iko Kampala, muzee kama wewe. Wewe nalala kwa yeye."

Mama Hawa alimtazama kwa jicho lile lililopanuliwa mboni, jeusi tititi. "Mama yako najua mimi ni mutu ya Koboko?"

"Mimi tamwambia."

"Tamwambia nini?"

"Tasema, mama, fungua mulango."

Mama Hawa akanyoosha mkono, akamshika daktari kichwani kama anayembariki mtoto anayesafiri, ingawa msafiri alikuwa yeye. "Kiswahili yako mubaya kweli," akamwambia. "Haya. Sista takwenda na mimi."

Tulisafiri. Daktari aliniagiza nimfunge Mama Hawa jicho kwa bendeji, nimkalishe mbele, kichwa kimeegemea, asiiname, asibebe kitu. Pakwach askari walisimamisha basi na kutushusha wote kukaguliwa. Mama Hawa alinishika kifundo cha mkono mpaka damu ikakataa kupita. Askari mmoja kijana alimuuliza, "Mama, nakwenda wapi na jicho imefungwa?" Akajibu kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeamua liwalo na liwe, "Hospitali. Mimi natoka Koboko." Yule kijana akamshika kiwiko, akamsaidia kupanda ngazi ya basi. "Pita, mama. Mungu asaidie." Tulipokuwa juu ya daraja alilia kwa sauti, akataja jina la mumewe, akamwambia, "Mimi nakuja sasa. Wewe iko wapi?" Nililia nami, na sioni aibu kuiandika.

Mama yake daktari alifungua mlango. Alikuwa na sababu zake za kutowapenda watu wetu, na usoni hakuzificha. Mwanzo alituonyesha kitanda kwa kidole tu. Lakini jioni alimwona Mama Hawa akipapasa sahani, jicho la upande mmoja limekufa na la upande wa pili limefungwa, akavuta kiti, akamlisha matoke kwa mkono wake. Hawakuwa na lugha ya kuongea. Walikula.

Kesho yake, katika hospitali kuu, Profesa wa Macho aliugandisha ufa. Kalamu yenye ncha ya baridi kali hubonyezwa kwenye weupe wa jicho, mkabala na mpasuko. Ndani panakuwa na kovu, na kovu hilo ndilo gundi. "Mngengoja tumbaku iuzwe," Profesa aliniambia, "ningekuwa nawapa pole tu." Bendeji ilipofunguliwa Mama Hawa aliangalia dirishani, akageuka, akasema gauni langu limefuliwa vibaya. Kisha akalalamika: "Lakini nyuzi bado iko!" Nikamweleza kwamba matibabu hayaondoi nyuzi; yanaziba ufa. Nyuzi zitabaki, akili itazizoea. "Basi," akasema, "tukae pamoja."

Tuliporudi, tumbaku yake ilikuwa imeshapangwa na kuuzwa. Wanawake wa Midia waliifanya kazi hiyo kwa zamu, na Zaitun alikuwa amemwekea majani machache ayakague. Mama yake aliyatazama moja moja mlangoni, akatangaza kwamba wote ni vipofu. Hawajapata kufurahi namna ile kwa kutukanwa.

Tangu hapo Mama Hawa akawa mwalimu bila kuajiriwa. Sokoni alisimama kati ya mafungu ya muhogo na kuwaambia wazee, "Nyuzi ya zamani, wewe kaa nayo. Lakini kama nakuja mingi mara moja, ama umeme, ama pazia, hapana ngoja tembe, hapana tia majani, hapana sugua. Kwenda kwa Sista siku ile ile." Walikuja. Wengi niliwaangalia, nikawapeleka Arua kwa daktari, nao wakaambiwa ni uzee tu, warudi upesi ikibadilika. Wengine walinuna kwamba wamesafiri bure. Niliwaambia safari ya bure ndiyo tamu kuliko zote. Niliwahimiza zaidi wale wasioona mbali tangu ujana, waliowahi kupasuliwa mtoto wa jicho, na waliopigwa jichoni, kwa kuwa hao retina zao huchanika kwa urahisi zaidi.

Nilihudumu baadaye pia katika kliniki ya Inde, nikarudi wodini Arua, na umri ulipofika nikastaafu. Mwaka ule ule asubuhi moja, nikichambua mchele hapa Awindiri, nyuzi nyeusi zikamwagika katika jicho langu la kulia. Nilishtuka nisivyotarajia, kulijua jambo hakukuzuii kuogopa. Niliacha mchele kwenye ungo nikaenda hospitali na kanga ya jikoni. Kijana aliyenipima alikuwa mtaratibu, alibonyeza pembezoni kote, akaniambia ni ute tu umejivuta, nirudi baada ya wiki chache, na mapema zaidi nikiona umeme au pazia. Njiani nilitembea nikiimba.

Nyinyi mnaoanza kazi hii mna vyombo ambavyo sisi tuliviona vitabuni tu. Nawaonea wivu mzuri. Ila mzee akija kwenu akicheka, amebeba kuku, anasema amepona, mwulizeni ameona nini, na lini.

Mama Hawa aliishi miaka mingine mingi. Alipofariki, Zaitun alikuja mwenyewe kunipa habari. Nilimpa chai. Nikamwuliza tu kama mama aliumwa muda mrefu.

"Hapana, Sista," akasema. "Asubuhi ile yeye naita sisi yote karibu na kitanda. Mimi nataka kutaja watoto, moja moja, ili yeye najua nani iko. Yeye nasema, 'Nyamaza, Zaitun. Mimi iko naona.' Naangalia sura ya kila mutu, mpaka kale katoto kadogo ya mgongoni. Halafu nafunga jicho yeye mwenyewe."